Upepo wa Singida tunaula na mchanga, wenzetu wa Turkana, Kenya, wanauza. Shida sio upepo, shida ni karatasi

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu nimeuahirisha siku nyingi ila jana nimepita kwenye uzi mmoja humu ndani mtu anasema eti Tanzania hatuna umeme wa upepo kwa sababu upepo wetu "ni wa msimu", na watu wanampa like mpaka basi, nikasema hapana leo naandika. Mtanivumilia kwa urefu na mpangilio, mimi ni fundi umeme wa majumbani sio mwandishi.

Kwetu ni Singida. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi kule upepo sio habari, ukiacha sufuria wazi nje ugali unaliwa na mchanga wake, na bati lisilo na jiwe juu yake sio la kwako hilo ni la jirani. Sasa nikiwa sekondari walikuja jamaa wakasimamisha nguzo ndefu nyembamba ya kupimia upepo pembeni ya shamba letu, imevutwa na waya pande zote kama hema, juu kuna vikombe vitatu vidogo vinazunguka siku nzima na chini kuna kiboksi kina kufuli. Baba akapewa kazi ya kuilinda, kimsingi kufukuza mbuzi wasitafune waya. Kila baada ya wiki kadhaa anakuja kijana na pikipiki, anafungua kiboksi, anatoa kadi anaweka nyingine, anafunga, anaondoka. Siku moja mzee akamuuliza, mwanangu upepo wetu mmeuonaje? Yule kijana akamjibu mzee huu upepo ni dhahabu. Basi baba alitembea na hilo neno kijiji kizima, mpaka kwenye misiba anasimulia.

Nguzo ilikaa, ikaja kung'olewa, zikabaki zege za kufungia waya na mbuzi wanajikunia mgongo hapo mpaka leo. Hakuna panga hata moja la mtambo wa upepo lililokuja kuzunguka.

Kama ni dhahabu kwanini hawakuchimba? Hilo swali ndo limenifanya nianze kusoma habari za umeme wa upepo usiku nikitoka saiti, na nilichokuja kukigundua ni kwamba upepo ni kitu cha mwisho kabisa kuangaliwa. Cha kwanza ni nani atanunua, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na nani atajenga laini. Hayo yote manne yapo mikononi mwa serikali.

Nitawaeleza kwa lugha ya mpangaji. Jenereta la dizeli ni kama chumba cha kulipa kwa mwezi, kuingia ni bei chee ila utaumia kila siku sheli. Mtambo wa upepo ni kama mwenye nyumba anakwambia nilipe kodi ya miaka ishirini leo leo kwa mkupuo alafu ukae bure. Mafuta hakuna, hela karibu yote inatoka siku ya kwanza. Sasa hiyo hela hakuna mtu anayo mfukoni lazima akope, na benki haikopeshi upepo, benki inakopesha mkataba. Mkataba wa kuuziana umeme ukiwa mzuri riba inashuka, riba ikishuka uniti inakuwa rahisi. Mkataba ukiwa wa kubabaisha, upepo ule ule nguzo ile ile lakini uniti inatoka ghali au mradi haupo kabisa.

Naendelea, msinikatishe.

Kasuku Mweupe

Nimekaa pale na kahawa na kashata. Tiririka mkuu.

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Haya tuje Turkana maana ndo mfano ulio karibu na sisi. Kenya walitoa sera yao ya bei maalum ya kununua umeme jadidifu (wa upepo, jua na vingine visivyoisha) mwaka 2008, wakairekebisha 2010 na tena 2012. Yaani serikali inasema hadharani, ukileta umeme wa upepo bei ni hii, ndo unaita hapo wenye hela waje kupiga hesabu zao. Ule mradi wa Ziwa Turkana wenyewe ni mkubwa, walikaa mezani na Kenya Power, kampuni yao ya kusambaza umeme, wakasaini mkataba wa miaka 20 mwaka 2010, bei karibu senti 7 na nusu za euro kwa uniti. Linganisha na dizeli waliyokuwa wanachoma miaka ile ukame ukipiga mabwawa.

Mitambo ipo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Ni midogo kwa viwango vya leo, na hilo watu hulicheka, lakini jiulize panga refu utalipitishaje? Imetolewa Mombasa kilometa kama 1,200 na kutoka Laisamis kuingia ndani ilibidi wakarabati barabara ya kilometa 208 kwanza. Upepo wenyewe unapita kwenye kama korido hivi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unabanwa unatoka kwa nguvu, wastani unazungumziwa mita 11 kwa sekunde. Fundi yeyote wa mambo haya akisikia 11 anasimama.

Lakini pamoja na upepo huo wa ajabu, mkataba umesainiwa 2010 na ujenzi umekuja kuanza 2014. Katikati hapo Benki ya Dunia ilijitoa 2012, hofu yao Kenya itajikuta inalipia umeme usio na mtumiaji. Benki ya Maendeleo ya Afrika ndo ikabaki inaongoza wakopeshaji. Miaka minne ya kusaka karatasi, sio ya kusaka upepo.

Alafu ikaja ile sinema ya laini. Makubaliano yalikuwa mwekezaji ajenge mitambo, serikali kupitia KETRACO, shirika lake la laini kubwa, ijenge njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani mpaka Suswa, zaidi ya kilometa 400. Mwekezaji akamaliza mitambo yake 2017. Serikali laini haijaisha, kulikuwa na kesi za fidia ya ardhi njiani, na mkandarasi wa Hispania, Isolux, akafilisika. Mapanga 365 yamesimama jangwani hayana pa kupeleka umeme, na mkataba unasema ukichelewesha laini unalipa kama vile umeme umeununua. Faini inayotajwa ni bilioni 5.7 za Kenya. Wakaletwa Wachina wakamalizia, umeme ukaingia gridi Septemba 2018, Rais Uhuru akazindua Julai 2019.

Hapo ndo utaona serikali inaweza kuwa dereva na inaweza kuwa pancha, kwenye safari moja.

Mzee wa Luku

Mleta uzi umeandika vizuri ila unatupeleka shimoni. Umesema mwenyewe Kenya wamelipa mabilioni kwa umeme ambao haujawasha hata taa ya chooni. Sisi hatujasahau IPTL, ile kampuni binafsi ya kufua umeme, mkataba wa 1995, tumelipia mtambo uwake usiwake, nchi imeyumba mpaka mawaziri wakaondoka kwenye ile kashfa ya fedha za escrow. Alafu leo tuna Bwawa la Nyerere megawati 2,115, mashine tisa za 235 kila moja. Umeme tunao wa kumwaga, 2024 tulifika mahali mitambo mingine inazimwa. Nani mwenye akili atasaini mkataba mwingine wa kulipa lipa wakati maji yapo? Acha upepo upepee.

Mbavu za Mbwa

Mzee wa Luku umempiga kwenye mshono.

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo, hoja yako ni nzito na siikimbii. Tena naongezea petroli kwenye moto wako: Wakenya wenyewe walifika hapo hapo. 2021 waliunda kikosi kazi cha rais kupitia mikataba yote ya umeme, ile bei maalum kwa upepo na jua wakaachana nayo wakaandika sera ya minada, na mikataba mipya ikapigwa kufuli. Kipeto kule Kajiado, megawati 100, mitambo 60, iliingia mwaka huo huo na baada yake sijaona shamba lingine kubwa la upepo limeingia gridi yao. Turkana 310, Kipeto 100, Ngong 25 na nusu, hesabu imesimama hapo kwenye 435. Upepo Kenya haujapungua hata chembe, kilichobadilika ni mood ya serikali.

Lakini bwawa. Mzee umesahau mgao wa 2022 na 2023 kabla bwawa halijawasha? Maji yalikata. Nchi yenye umeme mwingi wa maji tatizo lake linajulikana, kiangazi. Na kiangazi ndo wakati ambao kwetu Singida bati linaruka. Hivi vitu viwili ni kama mke na mume, mmoja akilala mwingine yuko macho. Upepo ukivuma unafunga maji bwawani unayatunza, ukitulia unafungulia. Bwawa kubwa ni sababu ya kuweka upepo, sio ya kuukataa.

Na mfano upo hapa hapa nchini sijui kwanini hausemwi. Mwenga, Mufindi. Kuna mtambo wa maji wa megawati 4 unahudumia vijiji na mashamba ya chai, mto ukipungua umeme unapungua. 2020 wakaweka mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4. Ndo shamba la kwanza la upepo Tanzania. Dogo, lakini lipo, na liliwezekana kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa wazalishaji wadogo na EWURA, wadhibiti wa nishati, wanausimamia na walikuwa na wateja wao mkononi. Karatasi zilikuwepo.

Stima ya Jioni

Wasalaam ndugu zangu wa Bongo, mimi ni Mkenya, nimekuwa dereva wa lori na hiyo barabara ya Laisamis naijua kokoto kwa kokoto. Nimwage kidogo. Ukifika Sarima, pale kwenye mitambo, usiku ukizima injini unasikia mlio kama watu wengi wanapuliza chupa, hauishi. Ukifungua mlango wa lori bila kushika kwa mikono miwili unang'oka.

Mleta uzi umeongea ya serikali kuu lakini umeruka ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000, wakaazi wakaenda kortini, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikasema hati zilitolewa bila kufuata sheria. Mitambo tayari inazunguka miaka mitatu! Hiyo nayo ni sera, sheria ya ardhi ya jamii, na ikikaliwa mwanzoni inakuja kulipiza baadaye. Muulize yeyote wa Nyandarua akwambie ya Kinangop. Megawati 60, pesa ilikuwa imepatikana, lakini wananchi walikuwa hawajaelewa wala kukubali, uvumi ukazagaa eti mitambo itafanya ng'ombe wasizae, kukawa na maandamano mpaka damu ikamwagika, 2016 mradi ukafutwa. Kule upepo ulikuwepo, mkataba nao ulikuwepo. Watu ndio hawakuwepo.

Na kitu kingine, watu wa nje hushangaa mbona waya zinapita juu ya manyatta na ndani ni koroboi. Waya wa kilovolti 400 huwezi ukadondosha tu laini ya nyumba, lazima kijengwe kituo cha kupozea hapo, na hicho hakikuwa kwenye bajeti ya mtu. Mwananchi hataki kujua ya kilovolti, yeye anaona umeme unaenda Nairobi.

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Stima ya Jioni asante sana, nimekubali hapo niliruka. Hilo la "watu ndio hawakuwepo" nimelichukua.

Bibi Kigoda

Mimi naomba kuuliza kwa Wakenya, si ndo hao hao upepo ulizima nchi nzima Agosti 2023? Dada yangu alikwama uwanja wa ndege pale JKIA giza totoro.

Stima ya Jioni

Bibi Kigoda, ilikuwa tarehe 25 Agosti. Kampuni ya kusambaza ikasema shida ilianzia Turkana, Turkana wakasema wao walitolewa kwenye gridi kwa sababu voltiji ilipanda kupita kiasi kwenye mfumo. Wakarushiana mpira. Ila wakati ule mradi mmoja kwenye laini moja ulikuwa umebeba kama megawati 270, sasa ikitoka ghafla hakuna akiba ya kuziba shimo hilo. Na usiku mahitaji yetu yanashuka sana wakati upepo ndio unachachamaa, kwa hivyo mara nyingine mapanga yanaambiwa yatulie na mvuke wa ardhini wa mitambo ya Olkaria unaachiliwa hewani. Pa kuhifadhi umeme hatukuwa napo.

Mtoro wa Hamburg

Nipo Ujerumani kaskazini mwaka wa tisa, huku upepo ni kama minazi Pemba. Niwape kisa kimoja kinachomuunga mkono mleta uzi. Wajerumani walianza na sheria iliyotumika kuanzia 1991, kampuni ya umeme inalazimishwa kupokea na kulipia umeme wako, alafu 2000 wakaja na sheria kubwa yao, EEG, bei imefungwa miaka ishirini. Mkulima wa kawaida, ng'ombe wake hamsini, anaenda benki ya ushirika kijijini na karatasi ya sheria, anakopeshwa. Watu wengi walioweka mitambo huku sio mabwanyenye ni wakulima na vyama vyao. Kabla yao Wadenmark walishafanya hivyo hivyo kwa ushirika baada ya mafuta kupanda miaka ya sabini.

Sasa 2017 wakabadilisha, minada. Wazo sio baya, anayetaja bei ya chini ndo anapewa. Ila wakaweka kifungu cha kuwabeba wanakijiji: chama cha wananchi kinaweza kushiriki hata kama hakijapata kibali cha ujenzi na kinapewa muda mrefu zaidi wa kujenga. Unajua kilichotokea? Zaidi ya asilimia 90 ya walioshinda wakawa "vyama vya wananchi", na nyuma ya vingi wamesimama makampuni, wametaja bei za chini wakitegemea mitambo ya miaka ijayo itakuwa rahisi. Wameshinda lakini hawajengi. Mwaka 2017 wenyewe bado walikuwa wanamalizia ya zamani wakaweka megawati 5,300 nchi kavu, 2019 ikashuka kama 1,000. Wafanyakazi maelfu nje. Kifungu kimoja hicho, wazee. Na kule Bavaria 2014 kikaongezwa kingine, mtambo ulitakiwa uwe mbali na nyumba mara kumi ya urefu wake, mtambo wa mita 200 ukae kilometa mbili na makazi, wakaja kulegeza 2022. Tafuta Ulaya eneo lisilo na nyumba kilometa mbili uniite.

Mbavu za Mbwa

Wajanja wapo kila nchi kumbe. Nilijua ni sisi tu na vikundi hewa vya mikopo ya halmashauri 😂

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Mtoro hiyo nilikuwa siijui, umenipa shule. Ongeza na Marekani, wao waliweka unafuu wa kodi kwa kila uniti ya upepo 1992, lakini kwa miaka mingi bunge lao lilikuwa linaupa maisha ya muda mfupi mfupi, unakufa unafufuliwa. 2012 kila mtu alikimbizana kumaliza kabla haujaisha wakafunga zaidi ya megawati 13,000. Mwaka uliofuata, kama 1,000 tu. Hebu fikiria una kiwanda cha mapanga, mwaka huu unafanya kazi shifti tatu mwaka kesho mashine zina buibui.

Sauzi nao wana lao. Walianza minada 2011 kwa mpangilio safi, bei ya uniti ya upepo ikaporomoka kutoka randi 1.14 raundi ya kwanza mpaka kama 0.62 raundi ya nne. Alafu Eskom, shirika lao la umeme na mnunuzi pekee, akagoma kusaini, tangu 2016 mpaka Aprili 2018 washindi wamekaa na barua zao za ushindi. Baadaye nchi ikaja kukaa gizani masaa kumi kwa siku. Uingereza, 2023, serikali ikaweka bei ya juu ya mnada chini sana wakati chuma na riba zimepanda, upepo wa baharini hakuna hata kampuni moja iliyoleta dau. Sifuri. Mwaka uliofuata wakapandisha bei, wakarudi.

Kwahiyo Mzee wa Luku, sisemi tusaini chochote kinacholetwa na mtu wa suti. Nasema mnada, tena mdogo mdogo, kila mwaka, kwa ratiba inayojulikana. Megawati 50 mwaka huu, 50 mwaka kesho. Na laini iwe imeshafika kabla ya mtambo.

Na hapo ndo roho inaniuma zaidi, kwa sababu Singida laini imeshafika! Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa mpaka Shinyanga inapita pale, na ile ya Singida, Arusha, Namanga mpaka Isinya Kenya, zaidi ya kilometa 500, imejengwa na imewashwa. Kitu kilichowatoa jasho Wakenya Turkana sisi tunacho kimesimama mlangoni. 2025 Rais Samia aliposema kaskazini tutachukua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya watu walichachamaa humu, lakini sababu aliyotoa ilikuwa ya kifundi, umeme wa kusini ukisafiri mpaka Kilimanjaro unapotea njiani. Sasa kati ya Rufiji, lilipo Bwawa la Nyerere, na Singida ipi ipo karibu na Arusha? Mimi fundi wa nyumba tu, nikivuta waya mrefu kutoka mita mpaka banda la nyuma taa inakuwa nyekundu, nasogeza chanzo.

Mzee wa Luku

Marahaba kijana. Hapo kwa mnada mdogo mdogo na laini kwanza, nimekusikia. Bado siwaamini waandika mikataba wetu, ila nimekusikia. Nani anabeba hatari ya dola ikipanda? Hujagusa hapo. Mwekezaji analipwa kwa euro sisi tunanunua luku kwa shilingi.

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Hapo mzee umenishika, ndo jeraha la Kenya lenyewe, shilingi yao iliposhuka bili ya mikataba ilipanda bila hata panga moja kuongezeka. Dawa ninayoiona ni mkopo wa ndani, mifuko ya hifadhi ya jamii ina hela za kukaa miaka ishirini na inalipwa kwa shilingi. Sauzi walilipana kwa randi na mabenki ya kwao yalikopesha. Ila sisi benki zetu riba yake... tuishie hapo leo.

Kasuku Mweupe

Mkuu swali la mwisho nilale. Ile nguzo ya kwenu ilipima ngapi? Mita ngapi kwa sekunde?

Mnyaturu wa Mjini (mleta uzi)

Hatujui. Zile kadi ziliondoka na yule kijana, na alichopima ni mali ya aliyemtuma. Wenzetu Waholanzi upepo wa baharini serikali yao ndo inapima kwanza, matokeo wanapewa wote wanaotaka kushindana. Kwetu akija mwingine atasimamisha nguzo yake upya na kupima miaka yake upya.

Nilimpigia baba jioni hii kumuuliza kama aliwahi kutajiwa namba, akasema namba hakutajiwa, ila lile kufuli la kiboksi waliliacha na amefungia banda la mbuzi.

Bibi Kigoda

😂😂 Msalimie mzee.